Vidonge Ndani ya Mto wa Sufi

Mara ya kwanza mliponiomba niandike nilisema sitaki. Mara ya pili nikasema kichwa kinaniuma. Mara ya tatu nikajifanya kiziwi, na bado mkarudi. Kalamu yangu mimi ni ya kutia sahihi tu, na hiyo sahihi yenyewe hutoka kama nyayo za kuku. Lakini naona watu wanaisimulia habari hii ovyo, huyu anamfanya mwanamke yule mwizi, yule anamfanya shujaa, naye hakuwa hiki wala kile. Basi nitaandika. Atakayeucheka mwandiko wangu, njaa ya kucheka imwishe, kisha aandike wa kwake.

Mwanamke mwenyewe alikuwa fundi wa magodoro, na watu walimwita Mama Sufi, kwa sababu ya ile sufi aliyoshindilia kwenye mito na magodoro tangu usichana wake. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba. Ukiingia lazima upige chafya. Sufi ilikuwa juu ya dirisha, sufi kwenye nyusi zake, sufi mpaka ndani ya kikombe cha chai akisahau kukifunika. Alikaa sakafuni, mguu mmoja ameunyoosha, sindano ndefu kama kijiti cha mshikaki mkononi, akikaza pembe za godoro mpaka zikawa ngumu kama ngumi.

Kitu kimoja mtu huyu hakukijua, nacho ni kutupa. Godoro bovu likiletwa, alilifumua, akaipiga ile sufi kwa fimbo mbili mpaka ikalainika, akaianika juani, na iliyobaki akaiweka. Vipande vya kitambaa vilivyokuwa vidogo kuliko kiganja aliviweka. Nyuzi alizozifumua alizizungusha kwenye kibao akaziweka. Alikuwa akisema, "Siku ya kuhitaji haipigi hodi." Na kweli, hakuna jirani aliyewahi kumwona mlangoni kwake na bakuli la kuomba chumvi. Kwa hilo alijivuna, na alijivuna waziwazi.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa tumbo moja, msusi wa nywele. Huyo jina lake la mtaani lilikuwa Redio, na sina haja ya kueleza kwa nini. Mama yao alifariki Redio akiwa bado mgongoni, na mgongo wenyewe ukawa ni wa dada yake. Mama Sufi ndiye aliyemwogesha, akamsomesha kwa magodoro, akamwoza. Kati ya wawili hao mtoaji alijulikana ni nani na mpokeaji ni nani.

Kisha maradhi yakaja yakaugeuza mchezo. Mafigo ya Mama Sufi yalikufa yote mawili. Alikuwa akienda kusafishwa damu kwenye mashine akimdanganya Redio kwamba anakwenda kununua nyuzi. Redio aligundua, maana hakuna msusi asiyegundua kitu, akamfuata mpaka kitandani pa mashine.

"Dada, nyuzi za hapa nzuri?"

"Usinianze."

"Mimi ninayo mawili. Yote ya nini? Nina kazi gani na mafigo mawili, naendesha kiwanda?"

"Nimesema usinianze. Sitaki kitu cha mtu."

"Basi sikupi. Nakukopesha, ukifa nirudishiwe." Akacheka peke yake. Mama Sufi akageuza uso ukutani, na Redio akajua amekubali, maana dada yake akikataa hukukazia macho.

Wakapasuliwa. Figo likakubali. Tangu siku ile Redio hakusema "figo" tena, alisema "mtoto". Kila Jumapili alikuja, hata kabla ya kuvua viatu akauliza, "Mtoto hajambo? Amekunywa maji? Au unamtesa na magodoro yako?" Mama Sufi alinuna, lakini alikuwa akiweka maji tayari kabla mdogo wake hajafika, ili ajibu kweli.

Jambo moja tu lilimkaa kooni. Redio hakuweza tena kusimama sana. Kovu lilimvuta akisimama nyuma ya mteja kwa muda mrefu, na kusuka ni kazi ya kusimama. Akatafuta kiti kirefu, kama cha mhudumu wa kaunta, akawa anasuka ameketi. Wateja walizoea. Redio mwenyewe alikisifu: "Sasa nasuka kama malkia." Lakini Mama Sufi kila alipopita pale saluni alikiona kile kiti kwanza, ndipo akamwona mdogo wake.

Sasa dawa. Mtu aliyewekewa figo la mwenzake humeza dawa asubuhi na jioni mpaka anaingia kaburini. Muuguzi aliwaeleza vizuri: mwili hausahau kwamba ndani yake mna mgeni, dawa ndiyo inayoulaza usingizi usimwone. Siku dawa ikikosa, mwili utaamka umwone, nao utamfukuza. Dawa zenyewe ni ghali, mtu wa magodoro hawezi kuzinunua hata akishindilia sufi ya nchi nzima. Serikali ilikuwa na mpango wake wa kuwalipia waliopandikizwa. Ulikwenda hospitali kubwa, ukapimwa damu, ukaonana na daktari, ukapanga foleni kwenye dirisha la dawa, ukapewa pakiti zako za kukufikisha kliniki nyingine. Bure. Mama Sufi hakulipenda neno bure, alisema, "Nimelipa kodi ya kila godoro." Haya.

Pale kwenye benchi la foleni ndipo maneno yalipozaliwa. Chama cha wagonjwa kilikuwa na mwenyekiti, mzee aliyekuwa dereva wa lori, mtu wa sauti nzito. Siku moja akaleta habari.

"Mfuko umetoboka, jamani. Nasikia sisi tuliopandikizwa zamani tutaambiwa tujitegemee."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa mtu wa ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani ni ndani tu."

Mama Sufi hakupenda uvumi. Alipofika dirishani aliuliza. Mfamasia alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, miwani imefungwa kwa kamba shingoni.

"Mwanangu, hizi dawa zipo mpaka lini?"

"Mama, mimi nagawa kinacholetwa. Sijaambiwa chochote."

Hakuna ubaya katika jibu hilo, alisema ukweli. Lakini mwezi uliofuata dirisha likatoa nusu tu ya pakiti, nusu nyingine wakaambiwa warudi baada ya wiki. Walirudi, wakapewa. Kwa wengine ikaishia hapo. Kwa Mama Sufi haikuishia. Mtu aliyelelewa na upungufu akisikia mlango wa ghala umelia, hangoji ufungwe.

Akaanza kuweka akiba.

Kidonge cha asubuhi alimeza. Cha jioni alikiweka. Si kila jioni mwanzoni, baadaye kila jioni. Alishona mto mdogo wa sufi safi, iliyokauka vizuri, akaacha upenyo pembeni wa kupitisha vidole, na vidonge vikaingia humo na karatasi yake ya kung'aa, kimoja baada ya kingine. Hesabu yake ilikuwa hivi: figo limeshakaa, limezoea, si mgeni tena. Mtu aliyekaa nyumbani kwako miaka yote hiyo bado unahitaji kumlindia mlango asubuhi na jioni? Na siku serikali itakapofunga mfuko wake, wengine watalia, yeye atafungua mto. Hatamwendea Redio na kumwambia, mdogo wangu, uza ulicho nacho uniokoe tena. Mara moja ilitosha. Mara moja ilikuwa imemzidi.

Kliniki ilipokaribia, alimeza zote, asubuhi na jioni, siku kadhaa mfululizo, kama wanafunzi wanavyofagia darasa mkaguzi akija. Damu ikapimwa, dawa ikaonekana imo kwa kiwango chake. Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama Sufi akarudi nyumbani amejiona mjanja kuliko serikali.

Mambo mawili yakatokea pamoja, na kutokea pamoja ndiko kulikoleta balaa. La kwanza, serikali ilibadilisha dawa. Ilikuwa dawa ileile, lakini ya kiwanda kingine, nafuu, kusudi wagonjwa wengi zaidi waingie kwenye mpango. Pakiti ya zamani ilikuwa ya buluu, hii ilikuwa nyeupe, na benchi zima likanung'unika. La pili, miguu ya Mama Sufi ilianza kuvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Ndala zikambana. Alidhani ni kukaa sana sakafuni.

Daktari aliitazama ile miguu, akaitazama karatasi ya vipimo, akarudi kwenye miguu. Redio alikuwapo, siku hiyo alikuwa amemsindikiza.

"Kiwango cha dawa kiko sawa," daktari alisema. "Lakini figo linachoka, na linachoka haraka. Mama, unameza asubuhi na jioni?"

"Nameza."

"Hujasahau hata mara moja?"

"Daktari, mimi si mtu wa kusahau."

Na hilo lilikuwa kweli kabisa, hakuwahi kusahau. Daktari akakuna shingo, akasema kama anayejisemea, "Basi itabidi tuichunguze hii dawa mpya."

Redio hakuhitaji neno la pili. Aliondoka chumbani mbele ya dada yake, akavuka ukumbi, akafika dirishani, foleni ikampisha bila kuombwa.

"Wewe mwenye miwani! Unampa nini dada yangu?"

"Dada, tafadhali, foleni..."

"Foleni ya kwenda kaburini? Nimekuuliza, unampa nini?"

"Dawa ni ileile," mfamasia alisema taratibu. "Kilichobadilika ni pakiti tu."

"Nyoka naye hubadilisha ngozi tu."

Benchi likacheka. Mwenyekiti alicheka kuliko wote, akajipiga paja. Mfamasia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena, na macho yake yalikuwa mekundu. Mama Sufi alikuwa amesimama nyuma kidogo, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mfamasia alimtazama yeye, si Redio. Alimtazama kama mtu anayesubiri useme neno moja tu. Mama Sufi akainamisha kichwa akaanza kutafuta leso ambayo haikuwamo mkobani.

Jioni ile alirudia kumeza dawa zake zote. Alizimeza kwa maji mengi, akajiambia figo litapona kimyakimya na hakuna atakayejua. Lakini halikupona. Uvimbe ulipanda ukafika magotini. Alimeza kila siku, na kila siku alipomeza alijiona kama mtu anayemrudishia jirani kuku aliyemla, anampelekea manyoya.

Alitaka kumwambia Redio. Namtetea katika hilo, alitaka kweli. Jumapili iliyofuata alimkalisha, akakohoa, akasema, "Mdogo wangu, kuna jambo."

"Najua," Redio akamkatiza. "Nimeshaongea na mwenyekiti. Wateja wangu wawili wana ndugu huko wizarani. Hii dawa itaondolewa, utaona. Mtoto wangu hatauawa na pakiti nyeupe mimi nikiwa hai."

Ungesemaje baada ya hapo? Mama Sufi alisema, "Kunywa chai, inapoa." Mdogo wake alikuwa ameketi upande mmoja wa kiti, jinsi alivyokaa siku hizi, kovu lisivutike.

Chama kilipiga kelele mpaka wizara ikatuma watu. Mkutano ukawekwa kwenye ukumbi wa hospitali, ule wa kufundishia, wenye viti vya plastiki na feni inayogonga. Habari ilikuwa imeshakua. Haikuwa tena miguu ya mwanamke mmoja. Kulikuwa na maneno kwamba dawa mpya isimamishwe, na kwamba hakuna mgonjwa mwingine atakayepandikizwa mpaka uchunguzi uishe. Mstari wa mbele alikaa fundi seremala mmoja, amekauka kwa ugonjwa, na mke wake pembeni. Mke ndiye angempa figo, siku yao ilikuwa imeshapangwa, sasa imefutwa. Walikuwa wameshikana mikono. Mama Sufi aliwaona alipoingia, akachagua kiti mahali ambapo asingewaona. Haikusaidia. Alijua wapo.

Alikuwa amekuja na ule mto, ndani ya mfuko wa nguo. Kwa nini, hata yeye hakukiri moyoni. Alijiambia ni wa kukalia, viti vya ukumbi ni vigumu. Lakini Redio aliuona, akauchukua.

"Dada unanijali kweli," akasema, akauweka kitini, akaukalia.

Mkubwa wao kutoka wizarani alikuwa afisa wa makamo, tai imekaza shingo, sauti ya adabu. Akamwomba Redio aseme. Wee! Alisema. Alisimama akaeleza mama yao alivyokufa, mgongo wa dada yake, mashine, kisu, kila kitu. Akapandisha blauzi kidogo, akawaonyesha kovu. "Hili si pambo," alisema. "Nilitoa kipande changu nikakikabidhi serikali ikilinde kwa dawa. Mmekilindaje?" Ukumbi ukapiga makofi. Akaketi tena juu ya mto.

Kisha afisa akamgeukia mfamasia. Dawa zilihifadhiwa wapi? Kabati lilikuwa na ubaridi wa kutosha? Umeme ulipokatika, nani alikuwa zamu? Alikuwa anajibu vizuri, moja moja, lakini kila jibu liliendelea kuwa dogo. Kidole chake kilikuwa kinafungua na kufunga kifuniko cha kalamu. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Nyoka!" na watu wakacheka. Lile neno la Redio lilikuwa limeshakuwa jina lake.

"Tumsikie mgonjwa mwenyewe sasa," afisa akasema.

Mama Sufi akasimama. Kisha akageuka, akamwambia mdogo wake kwa sauti ya chini, "Nipe huo mto."

"Simama tu dada, utasema ukiwa umesimama."

"Nipe mto, mdogo wangu."

Redio akauvuta chini yake akampa. Mama Sufi akatoa mkasi wake mdogo wa kazi, akaenda mbele kwenye meza ya afisa, akakata mshono wa pembeni kwa mkono uliozoea, akautikisa. Sufi ikatoka kwanza, ikapepea juu ya karatasi zao. Vidonge vikafuata. Vya pakiti ya buluu na vya pakiti nyeupe, vikamiminika mezani, vingine vikadondoka sakafuni vikateleza mpaka miguuni kwa seremala na mkewe.

"Dawa haina kosa," alisema. "Na huyu mwenye miwani hana kosa. Kidonge cha jioni sikumeza. Nilikiweka."

Hakuna aliyecheka. Afisa alipuliza sufi iliyomkaa kwenye mkono wa koti.

"Mama, uliweka ya nini?"

"Ya siku mtakayofunga."

"Nani alikwambia tutafunga?"

"Nani aliniambia hamtafunga?" Hapo ule ukaidi wake ulirudi kidogo, akanyoosha mgongo. "Mlitoa nusu pakiti bila kusema kwa nini. Niliuliza dirishani, dirisha likasema halijui. Mtu akisikia njaa iko njiani huweka chakula. Mimi ndivyo nilivyolelewa. Sijitetei. Nakujibu ulichouliza."

Afisa akaandika. Mwenyekiti, yule mzee wa sauti nzito, alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza kavinunua. Na hakuwa peke yake, benchini walikuwamo wengine wengi waliokuwa na kazi na viatu vyao. Mama Sufi aliwaona, akawaelewa, akanyamaza. Lake lilimtosha.

Mfamasia alikusanya vidonge kimoja kimoja, hata vya sakafuni. Mama Sufi alipoinama kumsaidia, akamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilikuona ukitukanwa na nikatafuta leso."

"Ungenikonyeza tu, mama," mfamasia alisema. "Ningejua." Kisha akasema jambo lililomkata yule bibi kuliko matusi. "Hivi siwezi kuvirudisha kabatini. Vimeshakaa nje, vimeshika joto. Lazima vichomwe."

"Vyote?"

"Vyote, mama."

Mwanamke asiyetupa uzi. Alisimama akaangalia vidonge vile vikienda kwenye ndoo ya taka za kuchomwa, jioni zake zote, na hapakuwa na chochote cha kuokota.

Redio alikuwa ameshatoka. Mama Sufi alimkuta kwenye ushoroba, amesimama, ingawa benchi lilikuwa tupu pembeni yake.

"Mdogo wangu..."

"Hukuniambia mimi."

"Nilijaribu, ile Jumapili, wewe..."

"Ulishindwa kunikata kauli? Wewe uliyekuwa unanifinya nikiongea na chakula mdomoni? Uliwaambia watu wenye tai. Uliwaambia ukumbi mzima. Mimi nimejua pamoja na wao, nimekalia kitu chenyewe."

"Niliogopa nisije nikakuomba tena."

Redio alimgeukia. Hakuwa na hasira usoni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Na mara ya kwanza uliniomba?" akasema. Akaondoka, polepole, mkono ubavuni.

Mama Sufi alilazwa siku hiyohiyo. Walimchoma sindano mpaka kwenye figo kuchukua kinyama cha kupima, wakamtundikia dripu za dawa kali zilizomvimbisha uso. Daktari hakumgombeza. Alimwambia figo limeokoka, lakini sehemu imekufa na haitarudi, iliyobaki ndiyo ya kulindwa. Mama Sufi akauliza kama waliweza kupima ni kiasi gani kilichokufa. Daktari akamweleza. Hakumwambia mtu mwingine alichoambiwa, na mimi sikumuuliza.

Mpango haukusimama. Pakiti nyeupe ziliendelea, seremala akapewa siku nyingine. Wizara ilibandika tangazo kando ya dirisha: huduma itaendelea mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Mtu ukilisoma mara tatu unakuta hukuambiwa kitu.

Redio hakuja hospitali hata siku moja. Nguo safi zilifika, maji yalifika, yeye hakufika. Mama Sufi alisema afadhali angekuja kumtukana. Alipotolewa, alirudi nyumbani peke yake na kifurushi chake, akalala juu ya godoro lake mwenyewe bila kulitandika.

Asubuhi mlango ukafunguliwa. Redio aliingia, hakuvua viatu, hakuuliza hali ya mtu yeyote. Alichukua kikombe, akajaza maji, akatoa kidonge kwenye pakiti, akaviweka vyote viwili mkononi mwa dada yake.

"Meza."

Mama Sufi akameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Yule aliyemlisha kijiko kwa kijiko, aliyemwogesha, aliyemwoza, akafungua mdomo kama mtoto mbele ya muuguzi. Redio akachungulia, akaosha kikombe, akatoka. Jioni akarudi. Kesho yake akarudi tena. Anafunga saluni mapema kwa ajili hiyo, wateja wake wanalalamika. Nje ya maneno yale hamwambii dada yake kitu. Anapita siku hizi bila kusema hata mvua imenyesha, yeye aliyekuwa akitangaza mpaka upepo. Mama Sufi humsubiri amekaa mlangoni muda mrefu kabla hajafika, na akiisikia ndala yake njiani, huanza kuweka koo sawa, kama mtu anayejiandaa kusema jambo. Bado hajalisema.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mlinisumbua, nimeandika, vidole vimekufa ganzi. Sasa ni zamu yako wewe uliyesoma mpaka hapa. Nenda kwenye dirisha la dawa la serikali lililo karibu nawe, hata kama huumwi, hata kama ndugu zako wote wazima. Uliza: dawa hizi zipo mpaka lini, na zikikaribia kwisha mtatuambia lini? Uliza kwa sauti, benchi lisikie. Akikwambia hajui, usimtukane, si kosa lake. Muulize ni nani anayejua, umfuate huyo, na usitoke mlangoni pake bila jibu. Ukilipata, njoo uniambie. Nyumbani nipo, sina ninakokwenda.